Aprili, Si Agosti: Ninavyopanga Safari ya Kwenda Kuwaona Farasi Weupe wa Vienna

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa Agosti, na ulikuwa mbovu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Nairobi, na mwalimu husafiri pale tu kalenda ya masomo inapomruhusu: Aprili, Agosti, au mwisho wa mwaka mitihani ya kitaifa inapokuwa imemalizika. Agosti ilionekana kunifaa kwa sababu ningepata miezi minne zaidi ya kuweka akiba, na wakala mmoja wa safari niliyemwendea mjini alinihakikishia kwamba katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi kuna maonyesho siku yoyote utakayofika. Alikuwa ameshaanza kuandika ankara. Bahati yangu ni kwamba nilirudi nyumbani kabla ya kulipa, nikaifungua kalenda ya shule hiyo ya Vienna, nikagundua kwamba majira ya joto ya Ulaya, ambayo huangukia katikati ya mwaka wetu, ndiyo wakati farasi wanapopewa likizo. Madume huondolewa mjini na kupelekwa Heldenberg, mashambani katika jimbo la Austria ya Chini, wakapumzike na kutembezwa nje, na maonyesho ya kawaida husimama kwa muda. Ningeweza kuvuka mabara mawili kwenda kutazama ukumbi wenye mchanga mtupu.

Mama aliposikia habari za safari hii aliniuliza kama nimesahau njia ya Barabara ya Ngong. "Farasi si wako pale uwanjani, na nauli ni ya matatu?" Nilimjibu kwamba wale wa Ngong hushindana mbio, lakini hawa wa Vienna wako darasani. Alicheka, akasema mwalimu hata akienda likizo hutafuta shule nyingine. Sikuwa na la kubisha, kwa maana hilo ndilo hasa linalonivuta.

Jina la shule huwachanganya wengi. Iko Austria, ndani ya kasri la Hofburg lililokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Habsburg, lakini inaitwa ya Kihispania kwa sababu farasi wake wa kwanza walitoka Hispania. Farasi wa rasi ile walikuwa wamechanganyika kwa karne nyingi na farasi wa Kiberiberi wa Afrika Kaskazini, jambo ambalo nilimtajia Mama ili safari ionekane kuwa na undugu kidogo na bara letu, hakushawishika. Hati ya kale kabisa inayotaja uwanja wa kuwafundishia farasi penye kasri hilo ni ya mwaka 1565. Mwaka 1580 mwanamfalme Karl wa Pili alianzisha shamba la kuzalishia farasi katika kijiji cha Lipica, ambacho leo kiko Slovenia, na kutoka kijiji hicho ndipo farasi hawa walipata jina la Lipizzaner. Ukumbi ninaotamani kukaa ndani yake ulijengwa kati ya 1729 na 1735 kwa amri ya mfalme Karl wa Sita, na msanifu wake alikuwa Joseph Emanuel Fischer von Erlach. Una urefu wa mita 55, upana wa mita 18, na nguzo 46 zinazobeba roshani za watazamaji. Kuta ni nyeupe tupu. Pambo linalojitokeza ni picha ya huyo huyo mfalme, na mpaka leo kila mpanda farasi anapoingia huvua kofia yake yenye pembe mbili kuiamkia picha ya mtu aliyekufa mwaka 1740.

Yote hayo ni mazuri, lakini singelipa nauli kwa ajili ya nguzo. Kilichonikamata ni namna elimu inavyopokezwa mle ndani. Dume mchanga huletwa Vienna akiwa na umri wa miaka minne hivi, na masomo yake huchukua takriban miaka sita. Mwaka wa kwanza hafundishwi lolote la kuwashangaza watu. Huzoeshwa kumbeba mtu mgongoni na kwenda mbele kwa utulivu, moja kwa moja, katika miendo mitatu ya kawaida, yaani kutembea, kwenda matiti na kwenda shoti. Baadaye hufunzwa kugeuka, kujikusanya, na kuhamishia uzito kwenye miguu ya nyuma. Mazoezi magumu huja mwisho kabisa, na hata hapo si kila farasi anayelazimishwa kuyafanya yote. Mwalimu humtazama mwanafunzi wake ana kipaji gani, kisha humwendeleza upande huo. Mimi ninayefundisha darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini, wote wakitarajiwa kufaulu mtihani mmoja kwa siku moja, niliisoma sehemu hiyo mara mbili.

Upande wa binadamu mambo ni ya polepole zaidi. Mwanagenzi anayekubaliwa huanza kwa kupanda farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, yeye akiwa hana hatamu mkononi wala vikuku vya kukanyagia miguuni, mpaka mwili wake ujifunze kukaa bila kushikilia kitu. Kufikia cheo cha mpanda farasi kamili huweza kuchukua miaka kumi au zaidi, kwa kuwa sharti mojawapo ni kumchukua dume asiyejua kitu na kumfikisha mwenyewe kwenye kiwango cha maonyesho. Wanawake walikubaliwa kuwa wanagenzi kwa mara ya kwanza mwaka 2008, baada ya karne nne na nusu, na nakiri kwamba kama wangekuwa hawajakubaliwa bado huenda ningepeleka akiba yangu Zanzibar. Lakini jambo lililonigusa zaidi ni mzunguko wenyewe: mwanagenzi asiyejua kitu hupewa farasi mzee aliyekwisha kuhitimu, na farasi mchanga hupewa mtu aliyebobea. Yaani wanyama wazee huwafundisha watu, nao watu hao wakikomaa huwafundisha wanyama wachanga. Sehemu kubwa ya maarifa hayo imepita hivyo, kwa mdomo na kwa mgongo wa farasi, na mwaka 2015 UNESCO iliuingiza upandaji farasi wa shule hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa sababu hiyo nimeamua jambo ambalo rafiki zangu wanaliona la kiajabu. Maonyesho makubwa, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa wiki, ndiyo yanayoitangaza shule duniani, na tiketi zake za viti vizuri ni ghali. Mazoezi ya asubuhi hufanyika siku za katikati ya wiki, kiingilio chake ni nafuu zaidi, na mtazamaji huruhusiwa kuingia na kutoka wakati yanaendelea. Nimepanga asubuhi mbili za mazoezi, ziara moja ya kuongozwa ndani ya mazizi ya Stallburg, ambayo ni jengo la karne ya 16 lililo ng'ambo ya barabara, na onyesho kubwa moja tu, tena kwa tiketi ya kusimama. Wapo wanaolalamika kwamba mazoezi ya asubuhi yanachosha, kwamba farasi huzunguka tu huku muziki ukipigwa, na kwamba hakuna uhakika wa kuona mruko hata mmoja. Nawaelewa. Aliyeahidiwa sarakasi akaonyeshwa darasa ana haki ya kunung'unika. Mimi nataka kuona farasi akikosea, na kuona mpandaji anafanya nini sekunde ile ile baada ya kosa. Hilo kwenye onyesho kubwa huwezi kuliona, kwa kuwa makosa yamekwisha kuachwa nyumbani.

Hata hivyo singependa kurudi Nairobi bila kuiona miruko. Katika levadi, farasi hukunja miguu ya nyuma na kuinua kifua, akabaki ametulia hewani kwa pembe ndogo, jambo linaloonekana rahisi kwa macho lakini linalohitaji nguvu nyingi kuliko kusimama wima. Katika kurbeti hurukaruka kwa miguu ya nyuma pasipo kuigusisha ya mbele chini. Katika kaprioli huruka na miguu yote minne, na akiwa juu, mwili ukiwa umelala sawa na ardhi, hupiga teke kwa nguvu nyuma yake. Wahenga wetu walisema shukrani ya punda ni mateke. Hapa teke hufundishwa kwa miaka, na anayelipiga vizuri hupewa kipande cha sukari kinachotolewa kwenye mfuko uliofichwa katika mkia wa koti la mpandaji.

Baada ya kuhamia Aprili, hesabu nyingine zote zilibadilika. Pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Austria, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau euro 30,000. Kuna pia barua ya mwajiri, hati za mshahara, taarifa za benki, na uthibitisho wa malazi. Nimejiwekea likizo ya mwisho wa mwaka kuwa siku za kupeleka makaratasi, nikijua kwamba shule zikifunguliwa sitapata nafasi ya kupanga foleni popote. Tatizo ni kwamba tiketi nzuri za onyesho huisha mapema, nami sitaki kulipia kiti kabla ya kujua kama nitaruhusiwa kuingia nchini. Ndiyo sababu nyingine iliyonifanya niyategemee mazoezi ya asubuhi na nafasi ya kusimama. Ndege ya moja kwa moja sijaiona, basi nitapitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, kutegemea nauli ya siku hiyo.

Aprili pia imenipa zawadi ambayo Agosti isingenipa, nayo ni Piber. Baada ya milki ya Habsburg kuvunjika na Lipica kuangukia mikononi mwa Italia, Austria ilihamishia uzalishaji wa farasi wake katika kijiji hicho cha jimbo la Styria mwaka 1920. Ukitoka Vienna hupanda treni hadi Graz, safari ya saa mbili na nusu hivi, kisha treni nyingine ndogo hadi Köflach. Watoto wa farasi huzaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa hiyo Aprili mashamba huwa na vitoto vinavyojifunza kukimbia, na vyote ni vyeusi au vya kahawia. Weupe huja polepole, na huweza kuchukua miaka sita hadi kumi kukamilika. Mara chache sana mmoja hubaki wa kahawia maisha yake yote, na mila ya shule ni kwamba dume mmoja wa rangi hiyo awepo daima katika mazizi ya Vienna, kwa kuwa huaminika kuleta bahati.

Bahati hiyo waliihitaji sana mwaka 1945. Wakati wa vita majike walikuwa wamepelekwa Hostau, katika Chekoslovakia, na wanajeshi wa Marekani walikwenda kuwatoa huko mwishoni mwa Aprili. Madume walikuwa wamehamishiwa St. Martin, Austria ya Juu, chini ya mkuu wa shule Alois Podhajsky, ambaye tarehe 7 Mei aliwaonyesha mbele ya jenerali Patton wa jeshi la Marekani na kumwomba awalinde. Hawakurejea katika ukumbi wao wa Vienna hadi 1955. Kila ninapowaza kwamba majike wachache tu wangepotea na elimu yote ile ingekosa mwanafunzi, naona kwamba siku moja ya treni kwenda Piber si gharama ya ziada.

Mengine ni madogo. Kituo cha treni ya chini ya ardhi kilicho karibu na shule ni Herrengasse, kwenye njia ya U3. Kupiga picha ni marufuku wakati farasi wako kazini, nami nimefurahi, kwa kuwa simu yangu ingeniibia nusu ya asubuhi. Nitabeba sweta nzito; nimeambiwa baridi ya Aprili ya huko yafanana na ya Limuru mwezi wa Julai, ila ina upepo zaidi.

Nimeanza pia kujifunza kupanda, Jumamosi mbili kwa mwezi, katika zizi moja upande wa Karen. Farasi wangu ni mstaafu wa mashindano ya mbio, mpole mpaka asikie pikipiki. Saisi wa pale, mzee aliyewatunza farasi tangu ujana wake, alinivulia vikuku wiki jana nilipomsimulia habari za wale wanagenzi. Nilidumu mzunguko mmoja na nusu.

"Mwalimu, ukifika huko," aliniambia akiniinua mchangani, "usitazame miguu ya farasi. Tazama mikono ya watu, kisha uje unieleze inakaa wapi."

Nilimwitikia, "Nimesikia, Mzee," nikaliandika agizo hilo kwenye daftari la safari, chini ya bei ya bima.