Nilivyompeleka mama Usambara: Vugha kwanza, Irente mwisho

Wengi wanaopanda Lushoto hufika Irente, wakapiga picha pale ukingoni mwa mwamba, na kesho yake wanashuka. Mimi nilitaka safari ya namna nyingine kwa sababu nilikuwa na mama. Mama alifundisha historia shule ya msingi hadi alipostaafu. Miaka yote hiyo aliwasimulia watoto wa watu habari za Mbegha na Kimweri, wafalme wa Wasambaa, na mwenyewe hajawahi kukanyaga Vugha, mji wao mkuu wa zamani. Magoti yanamsumbua, gari hatuna, na hela ilikuwa ya kuhesabu. Naandika tulivyofanya kwa sababu najua wapo wenye wazazi wanaotamani safari kama hii, ila wanaihofia ile milima.

Majira ndiyo niliyoanza nayo. Masika, Machi hadi Mei, niliyaondoa mapema: barabara za udongo huko juu huteleza, na ukungu hufunika kila kitu. Juni na Julai baridi inauma. Tukachagua Septemba, na bado nilibeba masweta na soksi nzito, maana watu wa pwani tukisikia baridi ya Lushoto huwa hatuamini mpaka ituingie.

Basi la moja kwa moja hadi Lushoto lipo, lakini nilishusha mama Mombo tukalala. Kukaa kwenye kiti kutwa nzima kisha kuzipanda zile kona usiku si jambo la kumfanyia mtu mwenye magoti. Mombo ni joto na mashamba ya mkonge. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na kwa miaka kadhaa ndipo ilipoishia. Asubuhi tukapanda Coaster. Nilizungumza na kondakta mapema akatupa kiti cha mbele, pa kunyoosha miguu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami inayojipinda ubavuni mwa mlima, mto ukiwa chini yako. Katikati ya njia kuna Soni na maporomoko yake. Ni karibu na barabara, hivyo hata asiyeweza kupanda kilima anayaona. Sisi tulishuka hapo hapo na kupanga chumba, kwani Vugha ni rahisi kuifikia ukitokea Soni kuliko ukitokea Lushoto mjini.

Sasa Vugha. Hapa ndipo ninapotaka watu wanisikilize.

Bodaboda zinakwenda, ila si za kumpandisha mama. Nilikodi teksi na kupatana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa pamoja, ili dereva asianze kutuharakisha. Hatukwenda kuzurura. Tulipita kwanza kwa mtendaji, tukajieleza, naye akatupeleka kwa mzee mmoja wa pale. Mama akaamkia, “Shikamoo, babu,” mzee akaitikia, tukakaribishwa tukaketi. Yalifuata mazungumzo marefu ya kuulizana koo na makwetu kabla hata ya kutaja tulichokifuata. Usiikate hatua hiyo. Ndiyo iliyotufungulia mengine yote.

Anayetarajia magofu ya mawe kama ya Kilwa hatayaona. Vugha ilikuwa mji wa nyumba za miti na nyasi, na kilichobaki ni ardhi yenyewe, vichaka ambavyo havikatwi, na mahali walipozikwa wafalme. Lakini mji huu ulikuwa makao makuu ya dola. Wakilindi, ukoo wa wafalme hao, wanasimuliwa kuanzia kwa Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu baada ya ndugu kumnyima urithi kwa kuwa alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa, akawagawia nyama, akaua simba, wakamfanya mfalme wao. Wafalme wa Vugha wakaitwa Simba Mwene. Kimweri ya Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kuanzia milimani hadi karibu na bahari. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852, na wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857. Wote walipanda mlima kumfuata mfalme, hakushuka yeye kuwafuata.

Mama aliyajua haya kwa moyo. Asilolijua ni lile alilomuuliza mzee: kwa nini mji mkuu uwe huku juu, na si kule chini njia za biashara zilikopita? Mzee akasema, “Mwanangu, mvua iko wapi?” Kisha akatueleza kwamba watu walimtii mfalme kwa kuwa mvua ilikuwa mkononi mwake. Akiwa na nguvu na nchi ikitulia, mvua hunyesha. Wakuu wakigombana, nchi huharibika na njaa huja. Mama aliandika kila neno kwenye daftari. Picha tulipiga tulipoambiwa tunaweza, kwenye makaburi hatukupiga. Tulipoaga tukaacha shukrani kwa mzee, kiasi alichotuelekeza mtendaji.

Maneno ya mzee niliyaelewa vizuri zaidi tulipoingia msitu wa Magamba, kilomita chache juu ya mji wa Lushoto. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unafika ofisini, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapewa mwongozaji. Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Mwongozaji wetu, kijana mwenye adabu, nilimwambia hali ya magoti kabla hajapanga lolote, akaachana na njia ya kileleni na kutupitisha barabara pana ya zamani ya misitu. Tulikwenda polepole, mama na fimbo yake, tukipumzika kila alipotaka.

Kule juu unaona mvua inavyotengenezwa. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda mlima, ukungu hunasa kwenye miti, na maji hudondoka kwenye majani hata siku isiyo na mvua. Matawi yamevaa kuvumwani, na chini vijito vinaanza kimya kimya. Tuliona mbega weusi kwa weupe wakirukaruka juu kabisa, na kinyonga mwenye pembe ambaye mwongozaji alimwona pale ambapo sisi tuliona majani tu. Alituonyesha pia mkulo, mti ulioandamwa sana na wapasuaji mbao enzi za ukoloni. Nilipouona ule mti nilisikia uchungu. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na viumbe vingi vya humu havipo kwingine popote duniani. Lile ua la zambarau ambalo Wazungu hulipanda madirishani, Saintpaulia, lilitoka Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani, alilichukua mwaka 1892, na likaitwa kwa jina lake. Anayetaka kuliona porini aende Amani, Usambara ya Mashariki, kupitia Muheza. Kule kuna pia bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hiyo ni safari ya peke yake.

Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, tuliutembea asubuhi moja: majengo ya zamani, soko, mapeasi na maparachichi. Inatosha.

Irente niliiweka mwisho kwa makusudi. Teksi inafika karibu, na sehemu ya kutembea ni fupi. Njiani tulipita shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, tukala mkate na jibini wanayotengeneza wenyewe. Ukisimama ukingoni, mlima umekatika ghafla, na chini kabisa ni nyika, kavu, imenyooka hadi macho yanapoishia. Huko chini ndiko Mazinde. Mama alinyoosha kidole mwenyewe na kuanza kufundisha, wageni wawili waliokuwa pembeni wakasogea kusikiliza. Kimweri alipokufa, mwanawe Semboja alijikita pale Mazinde, kwenye njia ya misafara, akajipatia bunduki, akapigana na Shekulwavu, mjukuu aliyeachiwa kiti. Vugha ya mvua ikashindwa na Mazinde ya biashara. Mwenye kuanzia Irente anaona mandhari nzuri tu. Mwenye kutoka Vugha na Magamba anaona nchi mbili, ya maji na ya ukame, na kilichozigombanisha.

Mtae hatukufika. Ni kijiji cha mbali kaskazini, juu ya ukingo mwembamba wa mlima, na basi la kurudi Lushoto huondoka kabla ya mapambazuko, hivyo lazima ulale huko. Mama ameshauliza kama vyumba vya Mtae vina maji ya moto. Nimeanza kuulizia.