Ivan Leonidov na majengo aliyoyaacha kwenye karatasi

Wasanifu majengo wa Urusi wa miaka ya 1920 wakitajwa, wengi wanakimbilia mnara wa msanii Tatlin, ule uliotakiwa ufike mita 400 ila haukujengwa, na sawa kabisa unastahili, ila mi leo nataka tukae na Ivan Leonidov, maana michoro ya huyu jamaa ikishakuingia kichwani haitoki.

Mwaka 1927 anamaliza VKhUTEMAS, chuo cha sanaa na usanifu pale Moscow, ana miaka 25 tu, kazi yake ya mwisho ya chuo akachora Taasisi ya Lenin, yaani kituo cha maktaba na elimu. Maktaba ya vitabu milioni 15 kaiweka kwenye mnara mwembamba, halafu pembeni kuna tufe kubwa la kioo, ndani ni ukumbi wa watu 4,000, na tufe lenyewe halijakaa chini kama tulivyozoea, limenyanyuliwa na kushikiliwa kwa nyaya, yaani unaona kama puto ambalo ukikata kamba linapaa. Vitabu vinaletwa kwa mashine mpaka kwa msomaji, ukumbi unagawanyika ukitaka vyumba vidogo, na watu wa mjini wanafika kwa treni inayopita juu. Kijana wa chuo huyo!

Na uchoraji wenyewe jamani. Kazi zake nyingi za miaka ile ni mistari myeupe kwenye weusi, myembamba sana, hakuna mapambo, sehemu kubwa ya karatasi kaiacha tupu na ule utupu ndo unakufanya uone uzito na wepesi wa kila kitu. Fuata waya mmoja tu kwa jicho, utaona unaanzia wapi na umeshika nini. Ndo maana huwa sikubali mtu akisema zile ni ndoto tu, ndoto haina waya uliofungwa mahali pake. Ni kweli nchi ilikuwa imetoka vitani, chuma na saruji shida, kwahiyo kwenye karatasi ndo kulikuwa na nafasi, lakini hiyo haifanyi mawazo yawe hewa.

Kilichoniuma ni yaliyofuata. Kufika 1930 wapinzani wake wakaanza kumshambulia hadharani kwa maneno mpaka jina lake likageuzwa kuwa jina la kosa, 1932 serikali ikavunja vikundi vyote huru vya wasanifu, na 1934 alipochora minara mitatu ya wizara ya viwanda vizito pembeni ya Red Square, ule uwanja mkuu wa Moscow, nayo ikaishia kwenye karatasi. Kilichojengwa kwa mkono wake kinachojulikana ni ngazi za bustani ya sanatoria moja (nyumba ya mapumziko na matibabu) huko Kislovodsk, mji wa kusini mwa Urusi, mwishoni mwa miaka ya 1930, zinashuka mlimani zikiwa na kijiukumbi cha wazi katikati. Alifariki 1959.

Kama kuna msomaji kashafika Kislovodsk naomba sana picha za hizo ngazi, hasa hapo kwenye kijiukumbi, nataka nione mistari yake imekuwaje ilipogeuka kuwa mawe.