Mikanda ya harusi, kutoka deki hadi diski

Kufikia 2006 maduka ya video ya Ngamiani, Tanga, yalishaweka DVD mbele na kusukumia mikanda ya VHS nyuma ya kaunta, mingine ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Filamu haikuwa tatizo, aliyeitaka alinunua upya. Harusi hainunuliki upya. Ndiyo maana masika ya mwaka ule mama mmoja wa Makorora alituletea mikanda minne ndani ya mfuko wa rambo: harusi ya binti yake, 1991. Mitatu ilikuwa E-180, ya saa tatu, imepigwa hapahapa Tanga. Wa nne ulikuwa T-120, umetoka kwa ndugu zao wa Marekani waliokuja na kamera yao.

"Nataka itoke kama mpya," alisema.

"Mpya haitakuwa, dada," mjomba, mwenye karakana, akamjibu. "Itakuwa ileile, ila haitazidi kuchakaa."

Hapo ndipo watu wengi walipokuwa wanakosea. Picha ya VHS ina uwezo wa kuonyesha mistari kama 240 tu kwa upana, wakati DVD ya PAL, mfumo wa video wa huku kwetu, ina nukta 720 kwa 576. Ni kumimina kikombe cha chai kwenye jagi: jagi ni kubwa, chai haiongezeki. Ubora wote unaamuliwa kwenye deki ya zamani, pale mkanda unapochezwa. Kompyuta inapokea tu inachopewa.

Kwa hiyo tulianza na mikanda yenyewe. Kabla ya kitu chochote tulivunja kile kipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa mkanda, ili deki isiweze kurekodi juu yake. Mmoja ulikuwa umeshapata ajali hiyo: dakika za mwisho za sherehe zilifunikwa na mpira wa miguu uliorekodiwa kwenye televisheni. Harusi ilipofanyika, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni, seti za watu zilikuwa za kuangalizia deki. ITV ilipoanza 1994, kila mkanda wenye nafasi ukawa hatarini. Kilichorekodiwa juu yake hakirudi, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Kisha kuvu. Inua mkanda kwenye mwanga, tazama kupitia kidirisha: utepe mzima unapaswa kuwa mweusi na laini. Ukiona vumbi jeupe au madoa ya kijivu kwenye ukingo wa roli, usiuweke kwenye deki hata kwa kujaribu. Kuvu hung'oa tabaka la sumaku, huganda kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, halafu hedi hiyo huipeleka kwenye mkanda unaofuata. Kwa unyevu wa Tanga, mkanda uliokaa kabatini miaka kumi na tano bila kurudishwa mwanzo ni bahati ukiwa safi. Miwili kati ya ile minne haikuwa na bahati hiyo.

Tuliikausha kwanza kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na redio. Kuvu mbichi ukiifuta inapakaa, ikikauka inapukutika. Ganda la mkanda hufungwa kwa skrubu tano za nyota. Lilaze kifudifudi, fungua, kisha ligeuze likiwa zima kabla ya kuinua kifuniko cha juu, la sivyo springi za breki zinaruka na utazitafuta chini ya meza. Kwa kufutia tulitumia ile mashine ya kurudishia mikanda yenye umbo la gari, tukiwa tumeing'oa mfuniko: mkanda unazunguka, mtu ameshika kitambaa kisichotoa nyuzi, amekikunja utepe upite katikati, anabana kwa wepesi tu. Kila baada ya muda kitambaa kinageuzwa upande safi. Utepe tuliufuta mkavu, alkoholi tuliiachia ganda na deki. Kazi hii ilifanyika nje barazani, pua zimefungwa, maana kuvu hiyo ikiingia kifuani haitoki upesi.

Mkanda wa tatu ulikuwa umewahi kuliwa na deki. Sababu yake huwa ni rola ya mpira inayovuta utepe: joto linaikausha, inakuwa ngumu na kung'aa, inateleza, utepe unalegea na kujikunja ndani. Sehemu iliyokunjamana kama feni ya karatasi hainyooki tena, na nyufa zake zinaweza kukata ncha ya hedi. Utepe wa PAL hutembea milimita 23.39 kwa sekunde, kwa hiyo kukata sentimita saba ni kupoteza sekunde tatu hivi za harusi. Tulikata. Kiungo huwekwa kwa gundi-utepe maalumu ya kuungia mikanda, upande wa ndani, yaani upande usiogusa hedi. Selotepu ya ofisini haifai, gundi yake hutoka pembeni kwenye joto na kukamata mzunguko wa pili. Ganda lake lilikuwa limepinda, tukalihamishia tepe lote kwenye ganda la filamu moja ya karate ambayo hakuna aliyeililia.

Deki nayo ilifunguliwa. Drami ya hedi ya VHS, ule mtungi mdogo unaozunguka na hedi zake, ina kipenyo cha milimita 62 na kwenye PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika, mzunguko mmoja kwa kila picha. Kusafisha: kipande cha ngozi laini kwenye kijiti, kilowe kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kigusishwe drami na kushikwa kimya, mkono wa pili ukizungusha drami polepole kwa juu. Kijiti hakipandi wala kushuka. Ukisugua juu-chini unavunja ncha za hedi, na hapo deki imekufa. Pamba ya masikioni pia hapana, nyuzi zake hunasa. Konyagi haisafishi hedi, hata kama mafundi wa mtaani wanaapa.

Deki ikiwa wazi karibu na dirisha, ikakataa kucheza au ikautema mkanda kila mara, usianze kulaumu mota. Mwisho wa utepe una kipande kisicho na rangi. Mwanga wa taa iliyo ndani ukipita pale, deki inajua mkanda umeisha. Jua la saa nne likiingia, inadanganyika. Funika kwa kadibodi nyeusi.

Picha ya mkanda wa kwanza ilitulia, ila juu kulikuwa na ukanda wa chenga ambao vitufe vya tracking, vya kulinganisha hedi na utepe, havikuuondoa. Hiyo ni dalili kwamba deki au kamera iliyorekodi ilikuwa na nguzo za kuongozea utepe zilizokaa tofauti na za kwetu. Mjomba alikuwa na deki moja ya zamani aliyoitenga kwa balaa kama hili. Akaweka alama ya kalamu kwenye kichwa cha kila nguzo ili aweze kuirudisha ilipokuwa, akaingiza bisibisi, akazungusha kidogo mno, kama sehemu ya nane ya mzunguko. Ule ukanda ukashuka hadi katikati ya picha. Akarudisha, akapita alama kwa unywele mmoja upande wa pili, na chenga zikapanda zikatoka nje ya kioo. Bibi harusi akaonekana mpaka hina ya vidole.

Kunakili hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu unachukua saa tatu. Waya wa njano wa picha na wa sauti viliingia kwenye kadi ya TV ya kompyuta, na sauti tuliipitisha kwenye kadi hiyohiyo, kwa sababu sauti ikipitia mlango mwingine saa zake hazilingani na za picha, na baada ya nusu saa waimbaji wa taarab wanafungua midomo kabla ya sauti. Sababu ya pili ya ugonjwa huo ni picha zinazorukwa kompyuta ikielemewa. Zima antivirusi, zima kila programu, kisha soma hesabu ya picha zilizorukwa. Inatakiwa iwe sifuri. UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, ilibeba kompyuta na deki pia. Umeme ukikatika utepe ukiwa umezunguka drami, deki nyingi zinaporudiwa na umeme huurudisha ndani vibaya, na hapo unarudi kwenye mkasi.

Ule T-120 ulikuwa na kisa chake. Deki ya kawaida ya PAL inayodai kucheza NTSC, mfumo wa video wa Marekani, hutoa mchanganyiko ambao televisheni inauvumilia lakini kadi haiuelewi: picha inatoka nyeusi na nyeupe, au inapanda bila kusimama. Dawa ni deki ya mifumo mingi inayotoa NTSC halisi, kadi nayo iwekwe NTSC, na DVD ichomwe hivyohivyo, 720 kwa 480. Deki nyingi za DVD zilizouzwa huku zilicheza mifumo yote miwili, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kubadili chochote.

Kwenye kuchoma ndipo tulipobishana na mteja. Alitaka kila mkanda wa saa tatu uingie kwenye diski moja, agharimike kidogo. DVD ya GB 4.7 ikibeba saa mbili, inapata kama megabiti 5 kwa sekunde. Ikibeba saa tatu, 3.5 tu. Kwa filamu safi ingevumilika. VHS imejaa chenga ndogondogo, na MPEG-2, mbinu ya DVD ya kubana picha, hujaribu kuzihifadhi zote kana kwamba ni picha, basi kwenye ngoma na vigelegele sura zinageuka vijumba. Tuligawa kila mkanda diski mbili, akanung'unika, akalipa. Tulichoma kwa kasi ya 4x, tukafunga diski ili deki za kawaida ziisome, tukaandika kwa kalamu ya wino laini. Stika za karatasi tulizikataa, zinavimba kwa unyevu na diski inapoteza mizani.

"Na hii mikanda sasa nitupe?" aliuliza alipokuja kuchukua.

Asitupe. Diski inaweza kukwaruzwa au rangi yake ikafifia, na mkanda uliosafishwa bado unachezeka. Uhifadhiwe umesimama wima, umerudishwa mwanzo, mbali na spika. Kinachoadimika sasa ni deki: Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki za VHS, kiliacha Julai 2016. Ile ya mjomba yenye alama za kalamu iko kwangu, na rola yake ya mpira nimeibadilisha.