Penalti hadi giza

Jana mvua ilinyesha Kampala mchana kutwa, uwanja wetu wa chuo ukawa matope matupu. Nilidhani hakuna mazoezi. Kufika, nikawakuta wachezaji wa akiba wanne wanakimbia, wamelowa chapachapa, mbele yao kipa ambaye hajapangwa hata mechi moja muhula huu.

Jamani, msimu uliopita tulikuwa na vipaji kuliko sasa! Ila pasi ikipotea, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Nyota wetu akitolewa, anapita benchi bila kumpa kocha mkono, anapanda boda anaondoka. Tukaishia hatua ya makundi. Bado inaniuma, maana nilikuwa nahodha na nilinyamaza.

Vijana huwa nawasimulia habari za Cranes, timu yetu ya taifa ya soka: baada ya 1978, Uganda ilikaa miaka 39 bila kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), hadi Gabon 2017. Hapo katikati wangapi waliivaa ile jezi, wakajituma, wakastaafu bila kufika huko?

Mazoezi yalipoisha, yule kipa akaniomba nimpigie penalti. Nilipiga hadi giza likaingia. Alidaka tisa.