Hiviii

Msimu wa karafuu wa 2003, Wete. Mimi nilikuwa darasa la saba, mdogo wangu ana miaka minne, baba yuko Maskati mwaka wa pili. Alipiga simu jioni moja tunaanua karafuu, Bibi kakaa kibarazani anachambua makonyo yaliyobaki. Simu yenyewe ya ami, na chaji imebaki kijistari kimoja. Kebo ya umeme ya baharini kutoka Tanga ilikuja 2010; wakati ule Pemba tulikuwa tukitegemea majenereta, leo umeme upo, kesho haupo.

Akazungumza mama, nikazungumza mimi, kisha simu akapewa mdogo wangu.

"Hujambo, baba? Umeshakula?"

Akaitikia kwa kichwa. Kimya.

"Karafuu mwaka huu nyingi?"

"Nyingi."

"Kiasi gani?"

Akatanua mkono mmoja mpaka ukaishia. "Hiviii!"

"Hivi vipi?"

"Si hizi hapa!" Akaitoa simu sikioni, akaielekeza kwenye jamvi, baba azione.

Sisi tukacheka. Mama alipoichukua simu nikasikia sauti ya baba, nyembamba: "Mbona hataki kusema na mimi? Kashanisahau?" Mama akatupa mgongo.

Leo nasomesha skuli ya maandalizi, na watoto wa aina yake ninao darasa zima. Mtoto huanza kuonyesha kwa kidole kabla hajatimiza mwaka. Maneno yanakuja baadaye, yanaukuta mkono umeshazoea kazi. Miaka minne bado ni mdogo kukumbuka kila mara kuwa anachokiona yeye, wa upande wa pili hakioni. Siku ile sikuyajua hayo. Nilimwona mpumbavu tu.

Bibi akaiomba simu, akamrejeshea sikioni.

"Mjukuu wangu, huko kwa baba yako umeme umekatika. Kiza kitupu, haoni hata mkono wake. Mwambie kwa mdomo."

Kiza alikuwa anakijua vizuri. Akafikiri kidogo, mkono ukaanza kunyanyuka, akaushusha.

"Baba, karafuu zimejaa jamvi zima, mpaka mlangoni kwa jiko. Na paka kazilalia. Bibi kamtupia ndara, haikumpata."

Baba alicheka mpaka sote tukamsikia.

"Baba," akauliza, "kwani umeme wenu unarudi lini?"

Chaji ikaisha.