Siku Moja Maishani Mwangu: Kati ya Mashine na Ankara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nimekwisha kuingia kiwandani, hapa Namanve, karibu na Kampala, Uganda, tunakotengeneza sabuni. Wengi hudhani kazi yangu ni kubadilisha wino wa printa. Kumbe mimi huunganisha mashine za kufungashia na mfumo wa hesabu wa ofisini, ili kila katoni inayopita mbele ya kihisi ionekane stoo bila karani kuiandika. Kiwango cha ISA-95 hugawa kazi za kiwanda katika ngazi, kuanzia 0, ambako sabuni yenyewe hutengenezwa, hadi 4, ambako watu huuza na kupanga. Mimi hushinda kwenye ngazi ya 3, ya kusimamia uzalishaji, ambayo hakuna mgeni anayeonyeshwa.

Hadi saa nne ni kukagua seva, kikao cha zamu na chai.

Saa nne na robo umeme ulikatika. Jenereta iliwaka upesi, lakini kidhibiti cha mashine ya pili, ambacho ni cha zamani na hakihifadhi hesabu kinapozimika, kilianza upya kutoka sifuri. Kilikuwa kimesoma katoni 4,180; usomaji uliofuata ukawa 310; na kwa kuwa mfumo wa ofisini hutoa usomaji wa nyuma kwenye ule mpya, ulipata hasi 3,870, ukaikataa, na kila taarifa iliyofuata ikakwama. Salio la stoo likabaki lilelile la asubuhi, ilhali katoni zilikuwa zinakaribia dari.

Hayo yangengoja, lau si lori la Juba. Ankara zetu hupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato, ambao haukubali kuuzwa kwa bidhaa isiyo kwenye salio. Dereva alinifuata hadi mezani.

"Mzee wa kompyuta, sabuni si ile pale naiona? Nipakieni niende, mpakani Elegu kuna foleni!"

"Ndugu yangu, ukifika huko bila ankara utarudishwa."

Alirudi tena, na tena, kila mara na sauti kubwa zaidi. Meneja wa mauzo naye akataka niandike tarakimu yoyote ili lori liondoke. Nilikataa, kwa sababu katoni zilizopita kati ya usomaji wa mwisho na kukatika kwa umeme hazikuwa katika kumbukumbu ya mashine yoyote, na mama wa stoo hatii sahihi asichokihesabu. Tukahesabu pamoja, pale kwa pale, katika joto lile, huku dereva akituhesabia kwa sauti na kutupoteza.

Sikumbuki nilikula saa ngapi. Lori lilipoondoka, niliandika kanuni kwamba usomaji ukishuka uhesabiwe kuwa mwanzo mpya. Kisha nikatuma tena ombi la betri ya kidhibiti kile, safari hii nikiambatisha malalamiko ya dereva.