H na J wote ndani

Mwishoni mwa 2018 nilikuwa Minneapolis najiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Kipindi hicho bado ulikuwa na michezo ya mantiki (waliitoa Agosti 2024), michezo minne kwa dakika 35, na mimi iliyokuwa inanitesa ni ya makundi, ile ya nani ndani nani nje.

Kuna mmoja naukumbuka mpaka leo. Watu saba, F, G, H, J, K, L na M, wanne wanachaguliwa watatu wanaachwa. F akiwemo, G hayumo. H asipokuwemo, J lazima awemo. K akiwemo, L na M wote nje. Nikachora mstari katikati, vidashi vinne upande wa ndani, vitatu upande wa nje. Swali likasema K kachaguliwa, nani lazima awe naye? Haya, L na M nje, alafu kati ya F na G mmoja lazima atoke, haijalishi yupi, nikaandika F/G kidashi cha tatu. Nje kumejaa. Sasa H na J? Mimi nilishajiwekea kwamba mmoja akiwemo mwenzake hayumo, na huyo wa kutoka hana pa kukaa! Nikafuta nikachora nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Saa sita usiku mama akapiga, kule Tanga saa tatu asubuhi ndo kafungua duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujalala tu?"

"Nasoma. Uko dukani peke yako?"

"Nipo na dada yako, vitenge vimeingia."

"Si ulisema yeye anakuja siku ambazo wewe haupo?"

"Nilisema nisipokuwepo lazima yeye awepo, duka halikai tupu. Kwani nikiwepo nimemkataza asije?"

Aisee nilinyamaza mpaka mama akadhani simu imekata. Sharti lilikuwa linasema H asipokuwemo J awemo, basi, halikugusa kabisa siku ambayo H yupo. Kilichokatazwa ni wote wawili kuwa nje. Nikaandika H na J ndani, pamoja na K na yule atakayebaki kati ya F na G, wanne kamili. Na nikaona kitu kingine ambacho kwangu ndo kilikuwa kikubwa zaidi, kwamba H/J ingeweza kukaa kidashi kimoja cha ndani toka mwanzo kabla sijasoma swali lolote, kama F/G inavyokaa nje, yani nafasi mbili zishashikwa bure kabisa.

Nikamwambia mama usikate. Nikaweka spika, yeye na dada wanahesabu vitenge, mimi narudi kurasa za nyuma kwenye michezo mitano niliyokosa wiki ile. Mitatu ilikuwa kosa hilo hilo.